Tahadhari: Mafuta ya kula yanauzwa kwa jina la IPM hapa Nyanda za Juu Kusini

Ndugu watengenezaji wa losheni na mafuta ya nywele wa Mbeya, Iringa na Njombe, ninawatahadharisha juu ya muuzaji wa malighafi anayejitangaza kwa WhatsApp kuwa anauza isopropili miristati, ile ambayo wengi wetu tunaiita IPM, kimiminika chepesi cha kuyafanya mafuta na losheni visambae bila utelezi, na ambaye hutuma mizigo kwa mabasi kutoka Makambako. Jina na namba yake sizitaji, kwa sababu shauri nimeshalifikisha polisi na kwa sababu laini hubadilishwa kila wiki. Nitaeleza jinsi anavyofanya, ili mtambue hata akija kwa jina jingine.

Mwezi Mei alinitumia kionjo cha mililita 250, nacho, lazima niseme ukweli, kilikuwa halisi. Hakikuwa na rangi wala harufu, na ukikipaka nyuma ya kiganja kilisambaa mara moja na kuiacha ngozi laini bila utelezi. Nilikichanganya na mafuta ya parachichi ya Rungwe, ambayo yakiwa peke yake ni mazito na hukaa juu ya ngozi muda mrefu, na wateja wakaridhika. Kwa imani hiyo nikatuma shilingi 150,000 za dumu la lita 5, tena kwenye namba ya mtu binafsi badala ya Lipa Namba, kosa ambalo ni langu mwenyewe.

Dumu lilifika likiwa na lakiri na lebo nzuri kuliko ya kionjo, lakini kimiminika chake kilikuwa na umanjano hafifu. Nilipouliza, nilijibiwa, "Dada yangu, hilo ni toleo jipya, usiwe na wasiwasi." Nikanyamaza na kuendelea na kazi, hadi asubuhi moja ya baridi kali mwezi Julai nilipokuta ukungu mweupe umetanda ndani ya dumu, chini kabisa, chembechembe kama sembe iliyomwagika kwenye maji, ilhali chupa ya kionjo, iliyokuwa kwenye rafu hiyohiyo, ilikuwa angavu kabisa. Mama yeyote wa Mbeya anayejua mafuta ya mawese yanavyoganda msimu huo angetambua alichokuwa anakitazama.

IPM hutengenezwa kwa kuunganisha alkoholi ya isopropili, ambayo ndiyo hiyo ya baadhi ya vitakasa mikono, na asidi ya miristiki, iliyopewa jina kutokana na kungumanga ingawa siku hizi viwanda huipata zaidi kwenye mafuta ya nazi na ya kiini cha mchikichi. Huganda kwenye nyuzi joto zipatazo 3, kwa hiyo ndani ya nyumba ya Mbeya si rahisi igande. Wenzetu wa Makete na wanaoishi jirani na Kitulo, ambako barafu huanguka usiku, wasimhukumu muuzaji kwa kigezo hicho peke yake, kwa kuwa huko hata iliyo halisi inaweza kuganda.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni uzito. Mililita 100 za IPM zina gramu 85 hivi, wakati mafuta ya kula, yawe ya mawese au ya alizeti, hufikia gramu 91 au 92. Nilivuta mililita 20 mara tano kwa bomba la sindano, nikazimimina kwenye kikombe kilichokwisha kupimwa kwenye mizani ya jikoni: kionjo kilitoa gramu 85, dumu likatoa 91. Kipimo hiki hakitamnasa atakayechanganya mafuta ya taa au mafuta ya madini, kwa sababu uzito wake unaweza kurekebishwa, lakini harufu ya taa humsaliti haraka.

Hasara yangu kubwa haikuwa dumu. Mafuta ya kula huchacha mapema, na chupa 38 za losheni zilirudishwa zikinuka kama karai la mihogo ya kukaanga.

Anayeuza IPM ya kweli hutoa cheti cha uchambuzi chenye namba ya toleo. Cheti nilichotumiwa kilikuwa nayo, ila namba yake haikufanana na ya kwenye lebo, jambo nililoligundua baada ya kuliwa fedha. Ukipokea mzigo, linganisha namba hizo kabla ya kukata lakiri, kisha upime uzito mbele ya aliyeuleta, na kama ulipokea kionjo kizuri, usidhani kwamba dumu limetoka palepale.

Tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo lina ofisi ya kanda yetu hapa Mbeya. Namba ya simu ya tapeli hutumwa kwa ujumbe kwenda 15040. Mimi nimebakiza lita mbili na lebo yake. Aliyenunua dumu lenye umanjano kama huo asilimwage, bali alihifadhi pamoja na ujumbe wa muamala, kwa kuwa malalamiko ya watu wengi juu ya mzigo mmoja ni magumu kuyapuuza.