Wabunge wa Chama cha Kijani katika Bunge la Tasmania: tathmini ya huduma yao

Mbunge analipwa na umma, kwa hiyo kazi yake inaweza kukaguliwa kama huduma nyingine yoyote: aliahidi nini, ametimiza lipi, na waliomtuma wamepata faida gani. Tathmini hii inawahusu wabunge wa Chama cha Kijani katika Tasmania, jimbo la kisiwa lililo kusini mwa Australia, ambako wanashikilia viti 5 kati ya 35 vya bunge la chini. Nimewachagua wao kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine ambapo siasa za mazingira zina mizizi mirefu kiasi hiki. Kundi la United Tasmania Group, ambalo mara nyingi hutajwa kuwa chama cha kwanza cha mazingira duniani, liliundwa mjini Hobart, mji mkuu wa jimbo hilo, mwaka 1972, wakati Ziwa Pedder lilipokuwa linakaribia kufunikwa na maji ya bwawa la umeme. Kundi hilo halikupata kiti hata kimoja, na ziwa halikuokolewa.

Kundi dogo la wabunge haliwezi kupitisha sheria peke yake, na si haki kulipima kwa idadi ya miswada iliyopita. Mimi nimelipima kwa mambo mawili: limevuna nini pale ambapo kura zake zilihitajika, na limesema nini mapema pale ambapo hakuna aliyezihitaji.

Katika hilo la pili, kumbukumbu zao ni nzuri kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Bob Brown, daktari aliyeongoza upinzani dhidi ya bwawa la Mto Franklin, aliingia bungeni Januari 1983, mara tu baada ya kutoka gerezani alikowekwa kwa kushiriki kuzuia ujenzi huo. Hakukuwa na uchaguzi mdogo, kwa sababu utaratibu wa Tasmania unaruhusu kiti kilichoachwa wazi kijazwe kwa kuhesabu upya kura za mbunge aliyejiuzulu. Mwaka 1987 Brown aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, nao ukakataliwa kwa pamoja na wabunge wa Labor na wa Liberal, vyama viwili vikubwa vya nchi hiyo. Miaka tisa baadaye, Aprili 1996, mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, katika kisiwa hichohicho, na baada ya msiba huo serikali zote za Australia zikakubaliana kuweka masharti yaliyofanana sana na yale yaliyokuwa yamekataliwa. Mtu akiuliza mbunge mmoja wa chama kidogo ana kazi gani bungeni, mfano huu unatosha kuanzia mjadala, ingawa unaonyesha pia udhaifu wa huduma yenyewe: kuwa sahihi mapema hakumwokoi mtu kama huna kura.

Kura walizipata mwaka 1989. Wagombea huru watano wa Kijani walichaguliwa, akiwemo Christine Milne, aliyekuwa amejulikana kwa kupinga kiwanda cha kutengeneza malighafi ya karatasi kutokana na miti huko Wesley Vale, na Lance Armstrong, ambaye alikuwa mchungaji wala hana uhusiano na yule mwendesha baiskeli. Chama cha Liberal kilikuwa na viti 17 na Labor viti 13, hivyo watano hao ndio walioamua nani aongoze. Badala ya kuomba uwaziri, walitia saini makubaliano ya maandishi na Labor ya Michael Field: wao wangeilinda serikali dhidi ya kura ya kutokuwa na imani, na serikali ingetekeleza orodha ya mambo yaliyokubaliwa. Eneo la nyika la Tasmania lililo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia likapanuliwa hadi kufikia karibu hekta milioni 1.4, na mwaka 1991 jimbo likapata sheria ya uhuru wa kupata taarifa za serikali. Makubaliano yalivunjika mwaka 1990, serikali ilipolegeza ukomo wa kuuza nje vipande vya miti, lakini matunda yake hayakuondoka pamoja nayo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipindi ambacho mpiga kura wao alihudumiwa vizuri kuliko vyote, na siri yake ilikuwa ile orodha: kila mtu aliweza kuisoma na kuona ni nini kimetekelezwa na ni nini kimekiukwa.

Vyama vikubwa navyo vilijifunza. Mwaka 1998 Labor na Liberal walishirikiana kupunguza viti vya bunge la chini kutoka 35 hadi 25, na hivyo kiwango cha kura anachohitaji mgombea ili achaguliwe katika wilaya ya uchaguzi kikapanda kutoka asilimia 12.5 hadi 16.7. Katika uchaguzi wa mwaka huo, wabunge wa Kijani wakashuka kutoka wanne hadi mmoja, Peg Putt. Kabla ya hapo, mwaka 1997, muswada binafsi wa Milne ulikuwa umefuta kosa la jinai la mapenzi ya watu wa jinsia moja, jambo ambalo Tasmania ilikuwa jimbo la mwisho nchini kulifanya. Sheria hiyo haihusu misitu wala mito, lakini ni miongoni mwa kazi zao zilizodumu.

Uwaziri ulikuja mwaka 2010, baada ya uchaguzi uliowapa kura asilimia 21.6 na viti 5, huku Labor na Liberal wakiwa na viti 10 kila mmoja. Katika serikali iliyoongozwa na Labor, Nick McKim akawa waziri wa kwanza wa Kijani nchini Australia, na Cassy O'Connor naye akaingia serikalini. Hapa ndipo huduma iliponikatisha tamaa. Mwaka 2011, McKim akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilitangaza mpango wa kufunga shule zipatazo 20, ikalazimika kuusitisha baada ya wazazi kuja juu, na waliokuwa wamezoea kuwaona Kijani wakitetea vijiji wakamwona mmoja wao akibeba lawama za bajeti ya Labor. Makubaliano ya wanamazingira na sekta ya mbao kuhusu misitu, yaliyopitishwa kuwa sheria mwaka 2013, yalifutwa na serikali ya Liberal mwaka 2014, baada ya waziri mkuu wa jimbo kutoka Labor, Lara Giddings, kuwafukuza mawaziri wa Kijani miezi michache kabla ya uchaguzi.

Viti 35 vilirudishwa kuanzia uchaguzi wa 2024, na Kijani, chini ya Rosalie Woodruff, wakapata watano, idadi waliyoirudia katika uchaguzi wa Julai 2025. Uchaguzi huo wa pili uliitishwa baada ya wao kuunga mkono hoja ya Labor ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu wa jimbo, Jeremy Rockliff wa Liberal. Agosti mwaka huohuo, Labor walipoleta hoja nyingine ili waunde serikali wao, Kijani waliikataa, wakieleza kuwa hawakuona mabadiliko kuhusu ufugaji wa samaki aina ya samoni, ukataji wa misitu ya asili na uwanja wa michezo uliopangwa kujengwa Macquarie Point mjini Hobart. Msimamo huo naukubali, kwa sababu kura inayotolewa bure haiheshimiwi tena. Hata hivyo, wapiga kura wao wamebaki na Rockliff yuleyule, na safari hii hakuna orodha iliyotiwa saini.

Lawama yangu kubwa inahusu mahali wanapopatikana. Wabunge hao watano wanatoka wilaya nne: Clark, Franklin, Bass na Lyons. Wilaya ya tano, Braddon, iliyo magharibi mwa kisiwa, haina hata mmoja, nayo ndiyo yenye Bandari ya Macquarie, ambako vizimba vya samoni vinahusishwa na kupungua kwa oksijeni katika maji anamoishi samaki adimu wa jamii ya taa aitwaye Maugean. Wala si kweli kwamba wakazi wa Braddon hawataki kusikia habari hizo, kwa kuwa mwaka 2024 walimchagua mvuvi Craig Garland, mgombea huru anayepinga waziwazi ufugaji huo, na mwaka 2025 Franklin ikamchagua mgombea huru mwingine, Peter George, kwa hoja hiyohiyo. Wateja wa bidhaa wapo, ila wanainunua duka la jirani. Chama chenye zaidi ya miaka 30 ya kuuliza maswali bungeni kinapaswa kujiuliza kwa nini mvuvi asiye na chama anaaminiwa kuliko wao kuhusu samaki, na jibu halitapatikana Hobart. Kama wana nia ya kulitafuta, wafungue ofisi pwani ya magharibi, wamlee mgombea anayefahamika na wavuvi na wachimba migodi, na waandike mapema, kabla ya uchaguzi ujao, masharti ambayo kura zao tano zitayadai.