Ram ni kama chumvi, aliniambia

Naandika maoni haya ya laptopu niliyonunua nikiwa na hasira, nasema mapema asije mtu kuniambia nimezidisha. Nimezidisha, ndiyo.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Laptopu yangu ya zamani ilifika mahali feni inalia kama mashine ya kukoboa, na bado nikaiburuza karibu mwaka mzima kwa sababu ya uvumi. Kila nikishika hela, nasoma kwamba kuna prosesa mpya iko njiani, memori (yaani ram, sehemu ya kompyuta inayoshika kazi unayoifanya muda huo) itakuwa mara mbili, bei itashuka, vumilia kidogo. Nikavumilia. Prosesa ambazo hazijatoka kiwandani nilizijua kwa majina, majirani zangu wa ukuta mmoja siwajui hadi leo.

Mwaka jana, kabla vuli haijaanza, nikachoka. Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Duka silitaji. Kijana wa mle ndani alikuwa anakula chipsi mayai juu ya kaunta ya kioo, laptopu zimepangwa chini ya sahani yake. Nikamweleza kazi yangu, nikamwambia nahofia ram ya GB 8 haitanitosha, na kwamba nilikuwa nasubiri laptopu za mwakani.

"Dada angu, ukisubiri za mbele hutanunua hadi unazeeka. Chukua hii. Ram nane unaanzia, zikikuzidia unaongeza. Ram ni kama chumvi, unaongeza tu." Na kweli akachukua kichupa cha chumvi akakitikisa juu ya chipsi zake, mara mbili, huku ananiangalia. Nikacheka. Nikatoa pesa.

Wiki za mwanzo ningeiandikia sifa tupu. Nyepesi, haipati joto, kicharazio laini. Chaji inakaa: siku moja umeme ulikatika mchana, nikamaliza sendofu nzima bila kuhangaika kutafuta jenereta la mtu. Nilikuwa tayari kumpigia yule kijana nimshukuru.

Halafu ikaja harusi moja ya Jumamosi, kamera mbili na droni. Nimeweka rangi, nimeweka muziki, bibi harusi ndio anaingia ukumbini, skrini ikaganda mguu wake uko hewani. Nikasubiri. Nikaenda kuosha vyombo, nikarudi, mguu bado uko hewani. Ram imejaa pomoni, maana picha na programu zote zinachota kwenye hizohizo GB 8, zikiisha inaanza kukopa nafasi kwenye diski, na diski ina mwendo wake. Video ilichelewa siku mbili. Simu alizonipigia mama wa bibi harusi sitaki kuzikumbuka.

Sawa, nikasema, si ni chumvi? Nikampelekea fundi aongeze. Fundi akalegeza skrubu moja moja, akainua kifuniko cha chini, akanigeuzia: "Dada, hebu nitafutie sloti." Nikainama na tochi ya simu. Hakuna sloti, ile nafasi ya kuchomeka ram. Kuna vipande vyeusi vimekaa kando ya prosesa, vimeshikana na bodi kama karanga kwenye kashata. "Hizi zimechomelewa kiwandani," akasema. "Ukitaka ram nyingine, nunua laptopu nyingine."

Nikarudi dukani siku hiyohiyo. Nataka niseme jambo moja tu kuhusu duka lile, mengine nimesamehe. Siku ya kununua nilikuwa "dada angu". Siku ya kulalamika nikawa "mama". "Mama, mimi nilisema chumvi inaongezwa. Sikusema hiki chakula kinaongezwa chumvi." Wateja wawili wakacheka. Akanyoosha kijiti cha meno kuelekea karatasi ya ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha, mtu huyohuyo, mdomo uleule: "Ila na wewe ungevumilia kidogo. Mwakani zinakuja prosesa mpya, memori za kutosha."

Nilisimama pale kama nimepigwa kofi.

Naelewa kwa nini wanachomelea. Memori za aina ile zinakula umeme kidogo, na zikikaa karibu na prosesa njia inakuwa fupi, ndiyo maana chaji yangu inakaa ninavyoisifia. Sipingi. Lakini basi niambie kabla sijatoa hela! Tena haikuwa siri. Apple waliuza laptopu zao za MacBook Air za kuanzia GB 8, ikiwemo ile ya prosesa ya M1 ya mwaka 2020, mpaka Oktoba 2024 ndipo wakaanzia GB 16, na bei ya Marekani ikabaki ileile. Aliyenunua Septemba najua alivyojisikia. Microsoft nao mwaka huohuo wa 2024 walisema laptopu za Copilot+, zile za akili mnemba, zisiwe chini ya GB 16. Yaani dunia nzima ilishakubali nane ni kidogo, kasoro kwenye kaunta ile ya chipsi.

Na uvumi wenyewe, ambao nimeurudia kama mlevi, haueleweki. Intel, watengenezaji wa prosesa, waliiweka memori ndani ya kifurushi kimoja na prosesa kwenye toleo lao la Lunar Lake, kisha Pat Gelsinger, aliyekuwa mkuu wao, akasema hawatarudia. Kwenye toleo la baadaye, Panther Lake, wameitoa. Vizuri, lakini imetoka chumbani ikaishia sebuleni: laptopu nyingi bado utaikuta imechomelewa kwenye bodi. Kinachonipa moyo ni LPCAMM2, memori zilezile zisizokula umeme ila zinafungwa kwa skrubu, fundi anatoa, anaweka nyingine. Laptopu ya Lenovo, ThinkPad P1 ya mwaka 2024, inayo. Zikishuka hadi kwenye laptopu za bei yetu, nitaenda kwa yule kijana na bisibisi yangu mkononi.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa na nyota moja. Tatizo ni kwamba mwishoni mwa 2025 bei za memori zikaanza kupaa. Samsung, SK Hynix na Micron ndio wanaotengeneza nyingi ya hizi ram, na sasa wanawapa kipaumbele wenye majumba ya kompyuta za akili mnemba. Desemba Micron wakatangaza hata wanaachana na Crucial, ram tulizozoea kununua za kuongezea. Kwa hiyo ningeendelea kusubiri zishuke, kama nilivyokuwa nasubiri, ningelipa zaidi. Yule mwongo alinishauri vizuri. Hakujua, alitaka tu kuuza, lakini hesabu ndiyo hiyo na mimi sitaki kumshukuru.

Basi nyota tatu za laptopu, maana siku hizi nahariri kwa nakala nyepesi za video na nafunga kila kitu kingine, kazi inaenda. Duka sifuri. Au laptopu mbili, kwa sababu juzi imeganda tena mshereheshaji akiwa mdomo wazi.

Wiki iliyopita nilipita pale, wala sikupanga. Akaniona kutoka ndani. "Dada angu! Umepotea! Zimeingia za prosesa mpya, ram kumi na sita!" Nikamwambia afungue kifuniko cha chini nione sloti. Akasema ikifunguliwa waranti inakufa.

Nikauliza bei.