Tabo kwenye Corolla ya 1998, miezi minne baadaye

Nimefunga tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini. Nianze na hela, maana ndiyo kila mtu anayoniuliza pale Makoroboi, Mwanza. Shilingi 3,150,000 mpaka gari linatoka gereji, halafu 180,000 nyingine ambayo haikuwa kwenye mapatano. Hiyo ya pili nitaieleza, bado inaniuma.

Gari ni Corolla 110, injini 5A ya cc 1,498, gia za mkono. Kwenye makaratasi ina nguvu ya farasi 100, ila hao ni farasi wa pwani. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya pumzi yake hata kabla hujapakia kitu. Mimi kila Ijumaa naenda Bunda na marobota mawili ya viatu vya mtumba. Ukishapita Magu unamkuta Fuso mbele, unashuka gia ya tatu, unakanyaga, injini inalia, Fuso bado yuko ubavuni na mbele basi linakuja. Mama watoto aliacha kunigombeza zamani, siku hizi alikuwa anafumba macho tu.

Gereji iko Nyakato, jina silitaji. Fundi wao amekulia kwenye malori, tabo anazijua kama anavyojua sahani yake ya ugali. Alinichagulia ndogo ya mtumba kutoka Dar, 750,000, akasema kubwa itakuwa inaamka wakati Fuso ameshafika Lamadi. Manifodi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, walichomelea wenyewe. Hapo nawapa heshima zote: miezi minne ya joto na matuta, haijapasuka wala kupiga kelele. Intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo, waliificha nyuma ya bampa, usipoinama huioni.

Tuliposhindana ni kwenye presha ya hewa ambayo tabo inaongeza. Yeye alitaka 0.8, mimi nikakataa, nikamwambia mwisho 0.4 (nazungumzia baa za presha, siyo za bia). Injini hii ina kompresheni ya 9.8 kwa 1, yaani yenyewe tayari inabana hewa sana kabla tabo haijaongeza. Toyota wenyewe walipoifungia tabo injini ndogo ya Starlet ya cc 1,331, kwenye gari la mwanzo walishusha kompresheni kutoka 9.6 hadi 8.2. Kama waliounda injini waliogopa, mimi muuza viatu ni nani? Na 0.4 kwa Mwanza siyo kidogo. Hewa ya hapa ina kama 0.88 ya presha. Ongeza hiyo, unapata 1.28. Ukitoa kinachopotea kwa joto, bado umeishinda hewa ya Dar, ambayo ni kama 1 tu, kwa mbali.

Jambo la pili ni petroli. Sensa ya hewa ya kiwandani haikuwekwa kwa ajili ya tabo, haijui kusoma presha ikizidi sana ile ya kawaida. Gereji walitaka wapandishe tu presha ya mafuta, basi. Hewa ikizidi petroli, injini inaanza kugonga (petroli inajiwakia ovyo ndani ya silinda), na ikigonga sana pistoni inatoboka. Nikaleta fundi mwingine mwenye kompyuta, akafunga kontroli boksi ya nyongeza, kompyuta ndogo ya kupanga petroli, tukazunguka barabara ya Usagara saa mbili nzima huku anasoma mchanganyiko wa hewa na petroli. Alichukua 900,000 na sijuti hata senti.

Sasa ile 180,000. Wiki ya kwanza, nafika Igoma, moshi wa bluu nyuma mpaka bodaboda wakadhani gari linaungua. Gereji wakasema ringi zimekwisha, tufanye ovahoo. Nikawaambia pimeni kompresheni kwanza. Silinda zote nne zikatoka vizuri na karibu sawa, yaani ringi ni nzima. Kumbe ni mpira wa kurudisha oili. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha lakini inatoka kwa kuteremka tu, kama maji ya mvua kwenye bati. Wao waliweka mpira mwembamba, tena wakaupandisha juu ya braketi kabla haujashuka. Oili inajaa, inapenya kwenye sili, inaingia kwenye eksozi. Walifunga bomba pana lililonyooka kwenda chini, moshi ukaisha siku hiyohiyo. Kosa lao, bili yangu. Nililipa kwa sababu mzigo ulikuwa unasubiri.

Barabarani? Kuanzia mizunguko 2,500 hivi kwa dakika gari linasukuma, na gia ya nne inatosha kumpita Fuso. Mlima wa Bugando napanda huku naongea. Mafuta mjini yamepanda: lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita 12, sasa 10 na nusu. Barabara kuu tofauti ni ndogo, kama mguu una adabu. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000, na nikifika nyumbani naiacha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima, tabo ipoe.

Kwa kuchomelea na kufunga, ningewarudia kesho. Kwa petroli na umeme, hapana, na mabomba ya oili ningekagua mwenyewe kwa tochi kabla ya kulipa. Klachi nayo imeanza kuteleza nikipanda na mzigo; ile ya zamani haikujua kuna farasi wapya. Nimeulizia spea, bei yake sijamwambia mama watoto.