Adapta za kadi kwa kompyuta za kiganjani za zamani: ipi inunuliwe kwanza

Mtu mwenye HP 200LX ya mwaka 1994, Psion Series 5 ya 1997 au Palm m505 ya 2001 ambayo bado inawaka, kwa kawaida hutafuta adapta ya kadi akiamini kwamba anatafuta nafasi ya kuhifadhia. Nafasi ni jambo la pili. Vifaa hivi hutunza miadi, anwani na maandishi katika kumbukumbu ya RAM, ambayo huishi kwa umeme wa betri, na betri zikiisha kabisa kila kilichokuwamo hufutika. Kadi, kwa upande wake, haihitaji umeme wowote ili kutunza kilichoandikwa. Tena, kwa kuwa kompyuta nyingi za leo hazina tundu la siriali ambalo vifaa vingi vya wakati ule vilitumia kuunganishwa, kadi ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kutoa faili na kuingiza nyingine.

Kwa sababu hiyo nimezipanga adapta kwa swali moja: kuna nini kati ya kadi na kifaa? Adapta isiyo na chipu ndani yake, inayofanya kazi ya kupitisha umeme kutoka pini moja hadi nyingine tu, ina machache ya kuharibika na haiongezi mzigo kwa betri.

Inayoshika nafasi ya kwanza bila ubishi ni adapta ya kuingiza CompactFlash, kadi ya kumbukumbu ya mraba na nene kuliko SD, kwenye tundu la PC Card, yaani tundu pana la kadi za nyongeza lililotumika pia katika kompyuta za mapajani, lile linalopatikana katika HP 200LX na katika baadhi ya mashine za Windows CE, mfumo wa Microsoft wa vifaa vidogo. CompactFlash iliundwa tangu mwanzo iweze kuzungumza lugha ileile ya PC Card, hivyo adapta huunganisha tu pini 50 za kadi na pini 68 za tundu. Kadi hizo hukubali volti 3.3 na volti 5, kwa hiyo kifaa kikongwe hakiziunguzi. Mnunuzi achunguze jambo moja kabla ya kulipa: ukingo wa adapta ulio karibu na matundu ya pini. Ukiona ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu vidogo vilivyopangana, hiyo ni adapta ya CardBus, ya biti 32, na haiwezi kutumika katika tundu la zamani la biti 16. Wauzaji wengi huzichanganya aina hizi mbili, kwa hiyo omba picha ya ukingo huo badala ya kuamini maelezo.

Ya pili ni kifuko cha plastiki kinachogeuza microSD kuwa SD. Nacho hakina chipu, hupatikana kila mahali, na huwafaa wenye Palm za kuanzia m500 na vifaa vingine vyenye tundu la SD. Kasoro haimo katika adapta bali katika kadi inayoingizwa. Kadi za SDHC, ambazo huanzia gigabaiti 4, huhesabu mahali pa data kwa vipande vya baiti 512 badala ya baiti mojamoja, na kifaa kilichotengenezwa kabla ya utaratibu huo hakiwezi kuzisoma bila draiva maalumu, yaani programu ya kukifundisha kuzitumia. Hata kadi ya gigabaiti 2 ya SD ya kawaida hujitambulisha kwa njia ambayo baadhi ya vifaa vya zamani huielewa vibaya. Ukipata ya gigabaiti 1 au megabaiti 512, ichukue hiyo.

Adapta ya kuingiza SD kwenye tundu la CompactFlash naiweka ya tatu, ingawa wengi huikimbilia kwanza. Hii ina chipu inayotafsiri, na chipu hiyo hula umeme. Faida yake ni kwamba suala la SDHC huwa la adapta wala si la kifaa, hivyo kadi kubwa inaweza kukubaliwa na mashine ambayo haijawahi kusikia habari zake. Pima unene, hata hivyo: CompactFlash ya Aina ya I ina milimita 3.3, ya Aina ya II ina 5, na adapta nyingi za SD ni za Aina ya II ilhali matundu mengi ya vifaa vidogo ni ya Aina ya I. Usijaribu kuisukuma kwa nguvu, kwa sababu pini za ndani zikipinda ukarabati wake si mchezo.

Kadi ikishakubalika, kuna suala la kufomati, yaani kuiandaa kadi ipokee faili, ambalo ndilo huwafanya watu walaumu adapta isiyo na kosa. Kompyuta ya leo hupenda kufomati kwa FAT32 au exFAT, ambayo ni mitindo ya kupanga faili kwenye kadi, na vifaa vingi vya miaka ya 1990 vinajua FAT16 tu, ambayo kikomo chake cha kawaida ni gigabaiti 2. Pia si busara kufika kikomo hicho. Katika FAT16 ya gigabaiti 2, faili ndogo kuliko zote hukalia kilobaiti 32, hivyo ujumbe wa mistari mitatu hula nafasi sawa na waraka wa kurasa kadhaa. Ukiigawa kadi na kutumia sehemu ya megabaiti 256, ujumbe uleule hukalia kilobaiti 4. Kifaa kikiwa na amri yake chenyewe ya kufomati, itumie hiyo kabla ya ya kompyuta.

Kwa wenye Sony CLIÉ za mwanzo, kompyuta za kiganjani za Sony, sina habari njema sana. Memory Stick ya awali, kadi ya Sony yenyewe, iliishia megabaiti 128, na adapta za kisasa zinazopokea microSD hujitambulisha kama Memory Stick PRO, aina iliyotoka mwaka 2003, ambayo CLIÉ hizo haziijui. Heri kutafuta Memory Stick ya asili iliyotumika.

Za mwisho ni zile zinazochomekwa mgongoni mwa kifaa au kukivika kizima: moduli za Springboard kwa kompyuta za kiganjani za Handspring Visor na jaketi za Compaq iPAQ H3600. Za Springboard angalau hubeba programu yake ndani, ukizichomeka zinajieleza. Jaketi ya iPAQ ya CompactFlash hutumia umeme wa kifaa chenyewe, lakini ile ya PC Card ina betri yake ya ndani, ambayo kwa umri huu imechoka au imevimba. Mwombe muuzaji picha ya jaketi ikiwa imelazwa juu ya meza tambarare, na ukiona mgongo wake umetuna, achana nayo.