Mzigo mpya ukirudishwa dukani mahali pa uliouzwa, tuseme kujazia au kuongeza?

Nenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, ununue ndoo ya viazi. Ikiwa imepungua, utasema, "Mama, jazia." Ikiwa imejaa, bado utasema, "Mama, niongezee." Maneno haya hayalingani hata kidogo.

Kujazia limetoka kwenye jaa, neno la Kibantu. Likitiwa kiambishi cha kusababisha huwa jaza. Likiongezwa i ya kutendea, jazia. Ndani yake kuna kipimo: kuna chombo, kuna mdomo wa chombo, na kuna pengo la kuzibwa. Ndiyo maana ujazo ni neno la hesabu. Mwenye duka anayejazia rafu anarudisha kilichouzwa, basi. (Tusilichanganye na jaza la Kiarabu, lenye maana ya malipo au thawabu, ambako pia tunapata "Mola atakujazi". Sauti moja, ukoo mwingine.)

Kuongeza halina mdomo wa chombo. Ukiniongezea viazi vitatu juu ya ndoo iliyojaa, hiyo ni nyongeza, hisani ya muuzaji. Na mnunuzi wa jumla akilazimisha nyongeza hiyo kwenye gunia la mkulima hadi lishonewe kilemba, tunapata lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza.

Kwa stoo, mimi nachagua kujazia. Anayeniambia "nimeongeza mzigo" sijui kama amerudisha alichouza au amepanua biashara. Ingawa wenye maduka wengi hawajali; wao husema tu, "Mzigo umeingia."