Gesi ya AC ya Gari Inavuja: Rangi au Naitrojeni?

AC iliyojazwa gesi mwezi uliopita na leo inapuliza hewa ya vuguvugu huenda ina tundu mahali fulani, na mafundi hubishana kuhusu njia ya kulitafuta: rangi au naitrojeni.

Rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno ni nafuu: huchanganyika na oili ya kompresa (pampu inayozungusha gesi), mwenye gari huendelea na safari zake, na baada ya siku kadhaa doa la kijani huonekana kwenye maungio ya mipira au usoni mwa kondensa, kipoza gesi kilicho mbele ya gari. Udhaifu wake ni evapoleta, sehemu inayopoza hewa ya ndani, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hapo fundi hubaki kumulika kimpira cha kutolea maji tu.

Naitrojeni, gesi kavu inayosukumwa ndani ya mfumo kwa shinikizo, huhitaji mtungi, regyuleta ya kudhibiti shinikizo hilo na mfumo uliotolewa gesi, ambao baadaye lazima unyonywe hewa na kujazwa upya, kwa hiyo gharama hupanda. Hata hivyo, mshale wa geji ya shinikizo ukishuka sana, uvujaji upo hata usipoonekana, na povu la sabuni husaidia kupata mahali. (Kutumia hewa ya kujazia matairi ni kosa, kwa sababu huingiza unyevu.)

Gesi ikipungua polepole na gari likihitajika kila siku, rangi inatosha. Mfumo ukiwa mtupu kabisa, kompresa haitaizungusha rangi hiyo, nami ningeanza na naitrojeni.