Darasa la jioni la Kiingereza Kirumba: neno moja, jioni nzima

Nauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Wateja wangu wa Kongo tunaelewana kwa Kiswahili, lakini wa Zambia wananiandikia kwa Kiingereza kwenye WhatsApp, na mzigo ukishapakiwa hakuna muda wa kutafuta mtu wa kukutafsiria. Ndiyo maana nilijiandikisha katika darasa la jioni lililoko ghorofani, mwendo mfupi kutoka sokoni. Wanafunzi ni wauza samaki, mafundi wa injini za boti, makarani wa mizigo, na vijana wachache wanaotaka kazi ya kutembeza watalii kisiwani Saanane. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, na ukiomba unalipa kwa awamu mbili. Wenzangu sokoni wananiuliza kama linafaa. Linafaa, na kinachonifanya niseme hivyo ni jinsi mwalimu anavyoshika neno moja la kila siku na kukaa nalo mpaka lieleweke.

Chukua "run". Sote tuliingia tukijua ni kukimbia. Akajaza ubao: injini inanguruma, bomba linatoa maji, mtoto anatoka kamasi, khanga mpya inachuja rangi, meli inakwenda Bukoba, mama anaendesha duka, mkataba ni wa mwaka mzima, chumvi imetuishia, boti imepanda mwamba. Kila sentensi, ukiisema kwa Kiingereza, inaweza kubebwa na "run". Akatueleza kwamba katika kamusi kubwa ya Oxford, ile iliyotolewa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set". Wahariri wa siku hizi walipoliandika upya "run", kitenzi peke yake kilifikisha maana 645. Darasa zima liliguna.

Hakutaka tukariri hata kumi. Alituuliza: katika sentensi zote hizi, ni kitu gani hakikosekani? Fundi mmoja wa injini ndiye aliyejibu, kwamba kila mahali kuna kitu kinachokwenda bila kukatika. Tukaanza kupima. Maji, ndiyo. Rangi ya khanga, ndiyo. Mkataba, ndiyo, unakwenda mpaka tarehe yake. Boti ilikuwa inakwenda ndipo ikapanda mwamba. Chumvi nayo imekwenda hadi imefika mwisho. Tangu hapo, mteja akiniandikia "run" nisiyowahi kuiona, naanza na kile kinachokwenda na mara nyingi maana inajitokeza yenyewe. Kwa mfanyabiashara hiyo ni faida kubwa kuliko orodha yoyote ya msamiati.

Jioni ya "scale" ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi. Kwa watu wa Mwaloni hili ni neno la nyumbani: magamba ya samaki, na mizani ya kuwapimia. Tukaongeza kipimo cha ramani, kupanda mlima, na ile "scale up" anayoandika mnunuzi anapotaka mzigo mkubwa zaidi. Tukatafuta uzi mmoja wa kuzifunga zote, kama tulivyofanya kwa "run". Akatuacha tuhangaike kweli, kisha akasema uzi huo haupo, kwa sababu haya ni maneno matatu yaliyokutana kwenye tahajia. Gamba limetoka Kifaransa cha kale, "escale". Mizani imetoka kwa Waskandinavia, kwao "skál" ni bakuli, na mizani ya zamani ilikuwa na vibakuli viwili vinavyoning'inia. La tatu ni "scala" ya Kilatini, yaani ngazi, na hilo ndilo lililozaa kupanda, vipimo vya ramani, mpangilio wa sauti katika muziki na huko kuongeza mzigo.

Halafu akaandika "paa" ubaoni na kukaa kimya. Dada mmoja anayeuza sato akacheka kwanza, kisha akazitaja: paa la nyumba, paa wa porini, ndege kupaa, na kupaa samaki, kazi anayoifanya kila asubuhi. Hakuna kati yetu aliyewahi kuchanganya paa la bati na paa wa porini. Lakini ona hili, ambalo bado linanishangaza: Kiingereza kina tamko moja la kukwea na la kuondoa magamba, na Kiswahili nacho kina tamko moja la kwenda juu na la kuondoa magamba, na hakuna aliyemwigiza mwenzake.

"Set" yenyewe aliikimbiza. Kutega nyavu, saruji kushika, jua kuzama, kuunga mfupa, kupanga bei, seti ya vikombe, vyote kwa pupa mwisho wa kipindi, pamoja na "take". Aligusia tu kwamba ile seti ya vikombe ina asili nyingine, ya Kilatini, iliyochanganyika na kitenzi. Neno lililowahi kuongoza kamusi nzima lilistahili jioni yake. Pia chumba ni kidogo, viti havitoshi, na hakuna karatasi za kwenda nazo nyumbani, kwa hiyo beba daftari kubwa na uwahi.

Jambo linaloniuma zaidi ni saa. Vipindi vinaanza saa 12 jioni, wakati ambapo wavuvi wa dagaa wanaandaa taa ili waingie ziwani. Hawa ndio wanaotulisha sote, na wengine wana ndugu Uganda na Kenya wanaofanya nao biashara kwa Kiingereza, lakini darasani hayupo hata mmoja. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi hupumzika na vijana wanashinda ufukweni wakishona nyavu. Nimemwomba mwalimu afungue kipindi cha mchana kwa siku hizo tu, hata kama ni chini ya mti pale mwaloni. Amesema wakipatikana watu kumi anaanza. Ukiwa na kijana wa mtumbwini, mlete ajiandikishe. Daftari la majina liko kwangu, kibanda cha tatu ukitokea upande wa mizani.